Jinsi ya Kwenda Kuhesabiwa: Mwongozo wa Safari ya Desemba Moshi

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Dar es Salaam hupungua uzito. Foleni za asubuhi hulegea, vioski hufungwa kimoja baada ya kingine, na mwenye kiu ya soda usiku hutembea mitaa miwili akitafuta duka ambalo mwenyewe si mtu wa Kilimanjaro. Watani wetu hawana haja ya kuuliza kulikoni. Wanajibu wenyewe: Wachaga wamekwenda kuhesabiwa.

Utani huo tumeuzoea, na tukisema kweli tunaupenda. Kinachotusumbua ni kwamba wengi huja kuhesabiwa bila maandalizi. Wanafika Marangu wamesahau salamu, wameleta marafiki wasiojua mtori wala machalari, wanaegesha gari juu ya mfongo, mfereji wetu wa maji, na siku mbili baada ya mwaka mpya wanaondoka wakiamini wamehesabika. Sisi tunaokaa huku mwaka mzima, tunaofungua mageti na kufunga mbwa, tumeona tuwape mwongozo. Ufuate hatua kwa hatua. Ukiharibikiwa, usiseme hukuambiwa.

Hatua ya 1: Unda kundi

Safari ya Desemba huanza Agosti, kwenye WhatsApp. Fungua kundi, lipe jina lenye neno "Kili", weka picha ya Kibo yenye theluji tele (chagua ya zamani, ya sasa haitambishi), kisha alika watu kumi na wanne. Wote kumi na wanne watajibu "mimi nipo". Tisa watauliza bajeti. Sita watachanga. Siku ya safari watatokea wanane.

Katika hao wanane hakikisha kuna watu wafuatao. Kwanza mweka hazina, na awe yule ambaye hajawahi kuwarudishia chenji. Pili mjuzi wa njia, atakayelala kuanzia Kibaha na kuamka Same akiuliza kwa nini mmepita huku. Tatu rafiki asiye Mchaga, awe Mhaya, Mzaramo au Mndengereko, kwa kuwa bila yeye hamtakuwa na wa kumwonyesha chochote. Nne rafiki aliyerudi kutoka Marekani au Uingereza, anayekuja "kutafuta mizizi". Huyu mpeni kiti cha mbele. Atauliza maswali yote ambayo nyinyi mnaona haya kuuliza kwa umri mlionao.

Mwisho wawepo Wachaga wawili wa pande tofauti, mmoja wa Rombo na mwingine wa Machame. Watabishana njia nzima kwamba Uchaga halisi uko wapi, na watabishana kwa Kiswahili, kwa sababu kila mmoja akishika Kichaga cha kwao hakuna atakayemwelewa mwenzake. Kabla ya wakoloni kutuweka kwenye daftari moja, mlima huu ulikuwa na himaya nyingi ndogo, kila moja na Mangi wake, zikipigana na kuoana kwa zamu. Mangi Mkuu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, alipatikana mwaka 1952, na cheo chenyewe hakikumaliza muongo. Kwa hiyo ubishi wa hao wawili ndani ya gari una historia ndefu kuliko umoja wao. Usiwaamulie.

Hatua ya 2: Chagua gari litakaloonekana

Wenzetu wa Ulaya na Amerika wana magari-nyumba: kitanda, jiko, friji na choo, vyote vinatembea. Wastaafu huyaegesha kando ya ziwa, wakatoa viti vya kukunja, wakatazama maji wiki nzima bila kugombana. Huku hupita wachache wa aina hiyo, wenye Land Cruiser iliyobeba hema juu ya paa, wakitokea Afrika Kusini kuelekea kaskazini, na hununua parachichi Marangu Mtoni kwa bei tunayoipanga wakiwa bado wanashuka.

Usiwaonee wivu. Wewe unayo Noah, na Noah ni nyumba kamili: watu wanane, gunia la mchele, ndoo ya mafuta ya kupikia, sukari, doti za khanga za mashangazi, na spika ya muziki inayokaa magotini kwa mtu. Tatizo la Noah ni moja: haitambishi. Gari la kwendea nyumbani halipimwi kwa starehe, hupimwa kwa umbali ambao jirani anaweza kulitambua. Ndiyo maana mtu aliyepanda mwendokasi kuanzia Januari hukodi V8 Desemba. Ukikodi, bandua stika ya mwenye gari, na uchague namba ya karibuni, maana watoto wa kijijini husoma herufi za mwisho za namba ya usajili kabla hawajakuamkia.

Epuka kabisa treni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa takriban robo karne. Ndani ya treni marafiki hukaa wakitazamana, hununua chakula dirishani, hulala, huamka na kuzungumza mambo ambayo hawajayazungumza miaka mingi. Ndiyo safari ya polepole mnayosema mnaitaka. Lakini treni haiwezi kuegeshwa mbele ya geti la baba yako, kwa hiyo haifai.

Hatua ya 3: Njiani, simameni kila mahali

Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Penye makazi mwendo ni 50 kwa saa, na penye 50 pana trafiki mwenye tochi chini ya mwembe. Madereva wa mbele watawawashia taa kuwaonya. Huo ndio ushirikiano wa kweli uliobaki nchini, usiupuuze. Mkikamatwa, faini ni shilingi 30,000, na hapo ndipo mtajua mlisafiri na akina nani: dereva atasema faini ni ya kundi, kundi litasema mguu ulikuwa wake, na mweka hazina atagundua kwamba simu yake haina chaji.

Segera nunueni machungwa, hata kama hakuna anayeyataka. Mombo mtu mmoja atapendekeza mpande Lushoto "mara moja tu". Mkubali kama hamna haraka ya kufika mwaka huu. Same na Mwanga punguzeni mwendo na ulimi, maana mko Upareni, na watani wetu Wapare wana mengi ya kusema kuhusu Mchaga aliyekodi gari.

Baada ya Mwanga kila mtu atatoa simu kupiga picha mlima. Mlima hautakuwepo. Mchana wa Desemba Kibo hujifunika wingu, na rafiki yenu asiye Mchaga atauliza, "Sasa uko wapi?" Nyosha kidole kwa uhakika kwenye wingu lolote kubwa. Akikubishia, mkumbushe kwamba mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu, akaandika kwamba juu yake kuna theluji, na wapo wasomi wa Ulaya waliombishia kwa miaka wakiwa vitini kwao. Ukitaka kumwonyesha kweli, mwamshe alfajiri. Hataamka.

Himo ndipo urafiki hupimwa. Wa Rombo na Marangu wanapanda kulia, wa Machame na Kibosho wanaendelea hadi Moshi mjini na kupita. Kila mmoja atadai kwao ndiko karibu zaidi. Pigeni kura. Atakayeshindwa atanuna hadi Krismasi.

Hatua ya 4: Jitambulishe kwa usahihi

Bibi atakuwa amekaa kibarazani. Piga goti kidogo, sema "Shikamoo bibi", naye ataitikia "Marahaba", atakukazia macho na kuuliza swali ambalo umelisafiria kilomita 500: "Wewe ni wa nani?"

Hapa wengi hufeli. Kijana mmoja hujibu kwamba yeye ni meneja wa mauzo kanda ya Pwani. Bibi hakuuliza hilo. Jibu ni jina la baba, na la babu kama unalo, na mama alitoka ukoo gani, na kihamba chenu, yaani shamba la ukoo, kiko upande gani wa mfongo. Ukimaliza, bibi atakuambia jambo usilolijua: kwamba umefanana na kaka yake babu yako, yule aliyekwenda Tanga kukata mkonge na hakurudi. Usiangalie simu wakati huo. Najua utaangalia.

Hatua ya 5: Usipige hema

Rafiki aliyetoka Marekani amekuja na hema, taa ya kichwani na jiko dogo la gesi. Anataka kulala nje "kwenye ardhi ya mababu". Mzuie.

Kwanza, kihamba hakina pa kulifunga. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na palipobaki wazi pana zizi la ng'ombe au kaburi la mtu. Mfumo huu ndio FAO iliutambua kule Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Rafiki yako anautafutia nafasi ya kigingi.

Pili, kamba ya hema ataifunga kwenye sale, na sale si ua. Ni mpaka wa shamba, ni alama ya kaburi, na ndilo jani analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Akiling'oa, atahitaji jingine la kuombea radhi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, turubai likionekana uani mwa mtu huku mlimani, kuna harusi au kuna msiba, na harusi huwa tumealikwa. Kabla hajamaliza kupuliza godoro, majirani watakuwa wamefika na mikungu ya ndizi, akina mama wamejifunga khanga, mzee wa ukoo ameleta daftari la rambirambi. Mtajieleza hadi usiku. Fedha zilizokwisha kuchangwa hazirudishwi kwa urahisi.

Akisisitiza, mpelekeni chini kwenye chemchemi za Kikuletwa, ambako maji ni maangavu na kambi zipo. Asijaribu kupanda kulala msituni. Zamani palikuwa na ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na majani, lakini tangu 2005 msitu umo ndani ya hifadhi ya taifa, na askari wa KINAPA hawajui baba yako ni nani.

Hatua ya 6: Kula kwa adabu

Mbuzi atachinjwa. Nyama ya Mchaga haigawiwi kwa njaa, hugawiwa kwa nasaba. Kila kipande kina mwenyewe: kuna cha baba, cha shangazi, cha mkwe, cha aliyechinja. Usiguse kidari kwa sababu tu ulilipia mbuzi. Umelipia mbuzi, hukulipia ukubwa.

Kisusio kitapita mapema. Ni supu ya damu, na rafiki yenu asiye Mchaga atataka kujua ndani kuna nini. Mwambieni kabla, si baada. Kama katika kundi kuna Mwislamu, suala la nani achinje na nini kiingie sufuriani limalizwe mapema na wenyeji, na huku mlimani kuna majirani Waislamu wa kutosha watakaosaidia. Watu wa heshima hawamfanyi mgeni ajiulize mbele ya bakuli.

Kisha mbege. Ndizi mbivu hupikwa na kuachwa zichache siku kadhaa, halafu huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Hunywewa taratibu, kwa kupokezana kata, huku kesi za mipaka zikiamuliwa. Kijana wa mjini huitazama, akaiona nzito, akasema hii si pombe. Anakunywa tatu mfululizo kuthibitisha. Tumezoea. Tunamwachia mkeka karibu na mlango, na funguo za V8 anakaa nazo bibi.

Hatua ya 7: Nenda kanisani na pochi

Dhehebu lako hukulichagua, na babu yako naye pengine hakulichagua. Lilitegemea mmisionari gani alipanda njia ya kwao. Ndiyo maana Machame, Marangu, Mwika na Old Moshi wengi ni wa KKKT, na Kibosho, Uru, Kilema na Rombo wengi ni Wakatoliki. Ukiingia mahali, kaa nyuma kidogo, lakini si nyuma sana, maana huko wamekaa wenzako wote waliotoka Dar.

Hesabu halisi huanza baada ya ibada ya Walutheri, kwenye mnada. Mkungu wa ndizi, fungu la mboga, maziwa, jogoo. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne, kwa kuwa kila anayemnunua humrudisha kanisani, naye mnadishaji humpandisha upya akimtazama mtu wa V8. Usikwepe macho yake. Ukikwepa, ataita jina la baba yako kwenye kipaza sauti. Bei ya jogoo siku hiyo haina uhusiano wowote na jogoo. Ni kodi ya kutokuwepo, na ukiigawa kwa miezi kumi na mmoja utaona si kubwa.

Hatua ya 8: Tafuta mizizi, lakini usichimbe sana

Sasa ni zamu ya rafiki wa Marekani. Amekuja na karatasi ya nasaba aliyoijaza nusu. Mshauri asianze na jina la ukoo. Akiandika Massawe, Lyimo, Mushi au Shirima atapata nusu ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na wote watamwita ndugu hadi atakapotaja mkopo. Aanze na wazee, na aanze asubuhi kabla ya mbege.

Atakachoambiwa kitamshangaza. Masimulizi ya koo nyingi za mlimani hayaanzi mlimani. Huyu asili yake Ukambani, yule Taita, mwingine Usambara, mwingine Umasaini, na babu wa hawa alikuwa mwindaji aliyefuata mnyama akapotea, akaona maji, akabaki. Aliyekuja kuthibitisha kwamba yeye ni Mchaga asilia ataondoka akiwa Mkamba. Rafiki yenu asiye Mchaga ataifurahia sehemu hii kuliko zote.

Mtembezeni pia Marangu aone mahandaki ambamo watu walijificha na mifugo yao nyakati za uvamizi wa Wamasai. Ataingia akiinama na kutoka akiwa amenyamaza, jambo ambalo hamjaliona tangu Kibaha.

Kisha mpandisheni Old Moshi, na hapa kejeli ikae pembeni kidogo. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga huko Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga na Wameru. Familia yake imesimulia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wajukuu wamekitafuta kwa miongo. Septemba 2023 wakfu unaosimamia makumbusho ya taifa ya Berlin ulitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki vimelingana na familia zilizo hai nchini Tanzania, na fuvu moja limelingana kabisa na ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli hakikuwa kati ya vilivyotambuliwa. Kwa hiyo wapo watu mlimani humu ambao kutafuta mizizi kwao si burudani ya likizo. Wanamtafuta mtu ili wamzike.

Piga picha ukitaka, lakini usinyoshe vidole viwili.

Hatua ya 9: Hudhuria kikao cha ukoo

Kikao huwa baada ya Krismasi. Kuna mwenyekiti, katibu, katiba ya ukoo na orodha ya wasiolipa ada, inayosomwa kwa sauti na bila haraka. Vaa vizuri, kaa kimya. Ajenda hazibadiliki: kaburi la babu liwekwe vigae, barabara ya kuingilia ichongwe, na kihamba ni cha nani.

Hiyo ya tatu ina kanuni ya mila: mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya wazazi. Kaka wakubwa hutafutiwa kwingine, na dada huambiwa kwamba ana kwao kwa mume. Dada mwenyewe ndiye aliyeezeka nyumba hiyo bati jipya na ndiye anayelipa dawa za mama. Mwanasheria wa ukoo, maana kila ukoo unaye, atakohoa na kusema kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Wazee watamshukuru kwa mchango wake mzuri na kuhamia ajenda ya vigae. Kama wewe ni kijana wa kiume na umeona ni sawa, hongera, umehitimu mila. Kama umeona si sawa na ukanyamaza, umehitimu zaidi.

Ukitoka kikaoni, tazama majumba. Huku kuna nyumba za ghorofa zenye vyumba saba na mapazia ya gharama ambazo kwa miezi kumi na mmoja hukaliwa na mlinzi na popo. Mwenyewe hulala humo usiku kumi kwa mwaka, halafu hulalamika kwamba hoteli za Zanzibar ni ghali. Usimcheke kwa sauti. Fundi wake anaweza kuwa wako mwakani.

Na ukiona maji yamepungua kwenye mfongo, usiulize kwa nini. Mifereji hii ilichimbwa na koo zetu vizazi vingi vilivyopita, na inaishi kwa sababu watu hutoka na majembe kuizibua. Asiyetokea hutozwa faini. Mgeni wa Desemba hatozwi, kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya wanaotegemewa. Hapo ndipo ujue umehesabiwa upande gani.

Hatua ya 10: Mlima uuache ulipo

Rafiki asiye Mchaga atauliza umepanda mara ngapi. Wengi wetu hatujawahi, na hatuoni aibu. Mita 5,895 ni nyingi kwa mtu ambaye kila siku anapanda kwenda kwao. Wageni hulipa pesa nyingi kupanda siku tano au sita wakisindikizwa na wagumu, vijana wetu ambao kwa kanuni hawatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 na ambao humaliza njia hiyo wakipiga soga. Yupo Mtanzania aliyepanda kwa sababu kubwa: Luteni Alexander Nyirenda, aliyewasha mwenge kileleni Tanzania Bara ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Wewe una sababu gani?

Kama lazima, ingieni lango la Marangu mpande hadi Mandara, mita 2,720, mle biskuti mrudi siku hiyohiyo. Msitu ni mzuri, mbega wapo, na mtakaporudi mjini mtasema "tulikuwa mlimani" bila kusema uongo.

Hatua ya mwisho: Kuondoka

Siku ya kuondoka bibi atawafungia mzigo: mikungu miwili ya ndizi, gunia la parachichi, magimbi, na kuku hai aliyefungwa miguu. Usikatae, wala usiseme kwamba Dar ndizi zipo. Utomvu utachafua viti vya V8, nawe utakatwa amana. Kwa maoni yangu ndiyo gharama ya haki kuliko zote ulizolipa safari nzima.

Bibi ataishika mikono yako, aseme "aika", yaani asante, aulize utarudi lini. Utasema "hivi karibuni". Yeye ameshajua kwamba maana yake ni Desemba, na baadhi yetu tunaobaki tumeshajua pia kwamba yapo majina ambayo Desemba ijayo hayatajibu.

Kwa hiyo, mbali na kejeli, tuna ombi. Mwakani jaribu Mei. Ni masika, barabara ni tope na V8 yako itakwama, lakini hakuna mnada wala foleni Himo, na bibi ana muda wa kukusimulia kuanzia mwanzo. Njoo na rafiki mmoja au wawili wanaojua kusikiliza, na njoo na buti. Siku ya kuzibua mfongo tutakuandika jina kwenye daftari, na siku ile utakapokosekana tutakutoza faini, sawa na mtu mwingine yeyote wa hapa.